Faki Mapengo na Watu Mia Tatu wa Ziada

Hapo zamani, zama za watu waliokuwa na subira kuliko akili, palikuwa na mji uitwao Kilimbembe, na mji ule ulikuwa na kisima kimoja, na kisima kile kilikuwa na kata moja. Yote mtakayoyasikia yametokana na hiyo kata, basi niacheni niieleze kwanza, msije mkaniuliza katikati.

Kata ile ilikuwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu wa pima mbili, ukisimama ukingoni uyafikie maji. Aliichonga babu yake Sultani siku alipochimba kisima, wakati mji mzima ulikuwa nyumba nane na mbuzi wao. Babu akaweka sheria, ikaandikwa juu ya ngozi: kila mtu ana haki ya kata moja kwa siku, na kisimani isishuke ila kata moja kwa wakati mmoja, ili watu wasigombane. Sheria nzuri kabisa, kwa nyumba nane. Kisha babu akafa, akazikwa kwa heshima, na mji ukakua. Watu wakazaa, wageni wakaja, nyumba nane zikawa mia tano, lakini kata ikabaki ile ile. Mpini wake ndio uliobadilishwa mara mbili, nako ni kwa sababu uliliwa na mchwa.

Ikawa watu wa Kilimbembe hujipanga msururu tangu jua linapochomoza mpaka alasiri, kila mmoja akingojea kifuu chake kimoja. Watu walizeeka katika msururu ule. Posa zilipelekwa humo humo, na mashemeji walinuniana humo humo. Birika la msikiti, lililokuwa ubavuni mwa kisima, lilikuwa kavu mwaka wa saba, na waumini walitayamamu kwa vumbi huku maji yanameta chini ya miguu yao. Wala hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa ndivyo walivyowakuta baba zao.

Sasa Sultani wa wakati huo, Sultani Madi, alikuwa na waziri aitwaye Shali. Waziri Shali alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu ni mtu mzuri sana mradi usimpe madaraka. Siku moja alikwenda kisimani na mkoba wa kokoto, akakaa kutwa, na kila kata iliyopanda yeye alitia kokoto moja chunguni. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na ya tatu. Kisha akatuma askari wahesabu midomo ya mji nyumba kwa nyumba, halafu akaingia barazani kwa Sultani uso umemsawijika.

"Dumu daima, Sultani wangu," akasema. "Nimekipima kisima cha babu yako. Kina kata elfu moja na mia nane kwa siku, wala hakina zaidi. Na raia wako ni elfu mbili na mia moja. Basi watu mia tatu katika mji huu wanakunywa maji ambayo hayapo."

Sultani akaweka chini bilauri yake ya sharubati. "Wanakunywaje maji yasiyokuwapo?"

"Hapo ndipo penye hatari, Bwana wangu. Leo ni mia tatu, mwakani watakuwa mia nne, kwani watu huzaa na kisima hakizai. Tusipochukua hatua, mji wote utakufa kwa kiu."

Maneno yale yalimwingia Sultani, hasa lile la kisima hakizai, akaamuru liandikwe juu ya mlango wa baraza. Basi ikapigwa mbiu: watu mia tatu watahama Kilimbembe Ijumaa baada ya sala, waende nyika ya ng'ambo wakajitafutie, na atakayerudi atafungwa. Waziri akapewa kazi ya kuandika majina, akayaandika. Aliandika wageni. Aliandika wajane wasio na kaka wa kuwasemea. Aliandika mafukara, na vilema, na watoto walioko matumboni pamoja na mama zao. Katika wapiga siwa kumi na wawili wa Sultani hakumwona hata mmoja wa ziada, wala katika wapunga upepo wanane, wala katika wale watu wanne ambao kazi yao ilikuwa kumchagulia Sultani kilemba. Waziri mwenyewe naye alijitazama kwa makini, akajiona anahitajika.

Palikuwa na mtu mmoja katika mji ule, jina lake Faki, na kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameaga zamani, watu walimwita Faki Mapengo. Alikuwa fukara wa kutupwa. Alisuka vikapu, na vikapu vyake havikuwa na sifa, maana kila akifika katikati huanza kuzungumza, akasahau kuziba upande mmoja. Watu walimhesabu kuwa mpumbavu, naye hakuwakatalia, akasema mpumbavu haombwi ushauri wala hasumbuliwi usingizini. Nyumbani mwake waliishi watu watano: yeye, mkewe Mwana Siti, binti yao Mize, mkwewe Vuai, na mgeni mmoja aitwaye Lugome. Huyu Lugome alikuja kutoka nchi za mtoni, bara, mwaka uliopita, njaa imemshika, Faki akampa baraza alale. Majirani walimlaumu, wakasema, "Faki, unaongeza mdomo na mkono huna." Faki akawajibu kwamba yeye anayo mikono miwili, na Lugome naye amekuja na yake miwili, kwa hiyo nyumba imeongeza hadi minne, wakamcheka.

Mize alikuwa mja mzito, mimba ya miezi minane. Askari alipokuja na orodha akawasomea kwamba Lugome anatoka, na Mize anatoka pamoja na kilicho tumboni. Kutoka Kilimbembe hadi mji wa pili ni mwendo wa siku tatu, na njiani hakuna maji. Mwana Siti akakaa chini pale pale mlangoni. Faki alivaa kanzu yake moja, akaenda kwa Sultani, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alipofika akapiga goti, akasema, "Umri mrefu kwako, Bwana wangu. Nimesikia nyumba yangu ina mtu wa ziada, nami nimemtafuta tangu asubuhi simwoni."

Waziri Shali akajibu, "Ni huyo aliye tumboni mwa bintiyo."

"Huyo hajanywa hata kata moja, Bwana Waziri."

"Atakunywa."

"Basi mbona kwenye mgao wa maji mmetuandika watu watano, na kwenye kufukuzwa mmetuandika sita?"

"Hizo ni hesabu mbili mbalimbali," akasema Waziri, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenziwe. "Wewe hutazielewa."

Sultani alipenda mzaha, na siku hiyo alikuwa amechoshwa na vilio vya watu. Akauegemea mto wake wa pamba, akasema, "Ewe Faki, kisima hakina maji ya mjukuu wako. Akitaka kukaa mjini kwangu, na aje na maji yake. Nakupa mpaka Ijumaa kabla ya adhana. Lijaze birika la msikiti, nalo hushika kata elfu moja, wala usichote ila haki ya nyumba yako. Ukilijaza, bintiyo atakaa."

Baraza zima likacheka, kwani haki ya nyumba ya Faki ni kata tano kwa siku, na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni siku tatu. Hata mpumbavu anajua kumi na tano si elfu.

Faki akangoja kicheko kiishe. "Na likijaa likamwagika, Bwana wangu?"

"Likimwagika," akasema Sultani akifuta machozi ya kicheko, "wallahi hatatoka hata mtu mmoja katika mji huu."

"Nimesikia, na baraza limesikia. Nina maswali mawili tu, nisije nikaivunja sheria kwa ujinga wangu. La kwanza, haki yangu ya kesho na kesho kutwa nikiacha kuichota, naweza kuichota yote Ijumaa?"

"Kata ni kata," akasema Waziri. "Ichote leo, ichote Ijumaa, hesabu haibadiliki."

"La pili. Kata ya babu nitakuwa naishika mimi saa nzima, na watu wana kiu. Naweza kuja na kata yangu mwenyewe?"

Sultani akaamuru kadhi ailete ngozi ya sheria. Kadhi akasoma: kata moja kwa mtu kwa siku, na isishuke ila kata moja kwa wakati mmoja. Akaigeuza ngozi nyuma, akaitazama mbele tena. Kata yenyewe iwe ya ukubwa gani, babu hakuandika, maana kwa wakati wake nazi zote zilikuwa nazi.

"Mwacheni aje nayo," akasema Waziri Shali, naye alikuwa amekwisha kufurahi mno. "Kata ni tumbo la kutilia maji na mpini wa kushikia, basi. Nenda, Faki, katafute nazi kubwa kuliko zote katika mashamba ya Sultani, huenda ukaongeza matone mawili."

"Tumbo na mpini," Faki akarudia. "Ahsante, Bwana Waziri. Kadhi na ayaandike hayo chini ya maneno ya babu." Kadhi akayaandika.

Faki alifika kwake mkewe akimngoja. "Umekwenda kutuombea," akauliza Mwana Siti, "au umekwenda kucheza?"

"Nimekwenda kuogopa, mke wangu," akasema Faki. "Lugome, njoo hapa. Ule mti wa kwenu uliokuwa ukituhadithia, hebu nieleze tena."

Maana Lugome alikuwa ameusema mti huo zamani. Mwezi wake wa kwanza mjini, akiwa katika msururu, aliwaambia watu kwamba kwao mtoni hawachoti maji kwa kifuu. Wao husimamisha mti wenye panda, juu ya panda wakalaza boriti ndefu, mkiani mwa boriti wakafunga jiwe, na kwenye ncha yake wakaning'iniza fito yenye mfuko wa ngozi. Mtu mmoja huishika fito, akauzamisha mfuko, kisha akaachia, jiwe likashuka lenyewe na maji yakapanda. Watu wa Kilimbembe walimsikiliza, wakamwambia, "Huko ni bara. Sisi hapa tuna kata ya Sultani." Kisha wakaendelea kungojea kifuu.

"Mti si kitu, baba," akasema Lugome. "Boriti ya mkoko ipo, jiwe lipo. Kazi iko kwenye mfuko. Ukishonwa vibaya, maji yote yatarudi kisimani kabla hayajafika juu."

Basi wakaenda kwa Bi Kazija, mjane wa mtaa wa pili, fundi wa ngozi kuliko mafundi wote, naye jina lake lilikuwamo katika orodha, hana kaka wa kumsemea. Walimkuta anafunga mizigo. Alipoelezwa akaufungua mzigo ule ule, akatoa ngozi ya ng'ombe na sindano yake, akasema, "Hii nilitaka kuiuza njiani." Alishona siku mbili, mshono juu ya mshono, akapaka mafuta ya papa, mpaka ukaja mfuko unaoshika kata themanini za babu bila kutoa tone. Lugome na Vuai wakachonga panda. Na siku zile mbili nyumba ya Faki haikuchota maji hata kifuu, ili haki yao isipungue. Midomo iliwakauka. Wale waliokuwa katika orodha, kila mmoja alipopata kata yake alipitia kwa Mize akammiminia funda moja, na hakuna aliyeagizwa.

Ijumaa asubuhi mji wote ukajaa kisimani. Sultani aliwekewa kiti, na Waziri Shali alikuja na mkoba wake wa kokoto. Faki akafika, nyuma yake watu sita wamejitwika boriti, na mwingine anasukuma jiwe. Wakasimika panda ukingoni, wakalaza boriti, wakafunga jiwe mkiani, wakaning'iniza fito na mfuko. Watu wakatazama tu.

"Hiki ni nini?" akauliza Waziri.

"Ni kata yangu, Bwana Waziri."

"Hii si kata."

Faki akaupapasa mfuko. "Hili ni tumbo la kutilia maji." Akaishika fito. "Huu ni mpini wa kushikia. Nami nitaichota moja kwa wakati mmoja. Kama kuna kiungo cha kata kilichosahauliwa, kadhi anayo ngozi, na atusomee."

Kadhi hakuhitaji kusoma, alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Sultani akamtazama Waziri, Waziri akazitazama kokoto zake. "Chota," akasema Sultani.

Faki akauzamisha mfuko, ukagugumia maji, akaachia. Jiwe likashuka taratibu, na mfuko ukapanda umevimba, maji yakimwagika mdomoni. Lugome akauinamisha kwenye mfereji wa chokaa unaokwenda birikani, maji yakaenda na sauti ambayo watoto wa miaka sita hawakupata kuisikia. "Moja," akasema Faki. Waziri akatia kokoto moja chunguni.

Wakaendelea hivyo, mbili, tatu, nne. Ya kumi na mbili maji yakafika shingoni mwa birika. Ya kumi na tatu birika likajaa, likamwagika, maji yakapita miguuni pa wapiga siwa yakaloweka viatu vyao. Mzee mmoja akainama akatawadha, akilia, akasema miaka saba amekutana na Mola wake na vumbi usoni. Faki akaacha fito, akaketi chini.

"Nimebakiza kata mbili, Bwana wangu," akasema. "Mtunzieni mjukuu wangu, akija atazidai."

Sultani Madi aliondoka kitini akaenda mpaka ukingoni mwa kisima, akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kiganja, na alipokuwa akitazama yakaanza kurudi. Aibu ikamshika, kwa sababu alikumbuka majina aliyoyatia muhuri. "Waziri," akasema, "wewe uliniambia umekipima kisima."

"Nilikipima, Bwana wangu, siku tatu."

"Bwana Waziri alipima kata," akasema Faki. "Kisima alikuwa amekipa mgongo."

Hapo watu wakacheka, na Sultani naye hakuweza kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikalegea, wala wale wanne hawakuthubutu kukigusa. Alipotulia akauliza, "Ni nani aliyekijua kitu hiki? Maana wewe, Faki, hata kikapu hukimalizi."

"Kweli, Bwana wangu. Anayejua mti ni Lugome huyu, na anayejua ngozi ni Bi Kazija yule. Waziri na atusomee ni wa ngapi katika orodha."

Waziri akasoma kwa sauti ndogo. Lugome alikuwa wa kwanza. Bi Kazija alikuwa wa arobaini na mmoja.

"Basi katika watu mia tatu wa ziada," akasema Faki, "wawili tumekwisha kujua wanajua nini, na mji umetawadha. Wale mia mbili na tisini na wanane waliobaki sijui wanajua nini. Nawe hujui, Bwana wangu. Na Waziri ndiye hajui kabisa, maana aliwahesabu midomo akawapita."

Sultani akauliza neno ambalo mtawala huliuliza akiwa peke yake. "Lakini Faki, kisima kina mwisho. Watu wakizidi kuzaa, kisha siku moja mfuko wako nao ukapanda mtupu, nitafanyaje?"

Faki alikuwa hajacheka tangu Jumanne, na hapo pia hakucheka. "Siku hiyo itakuja, Bwana wangu, wala mimi sitakuwa na jawabu. Atatakiwa mtu mwingine wa kutuambia la kufanya. Huenda ndiye huyo aliye tumboni mwa Mize. Nami nilikuwa nakuomba tu usimtupe nyikani kabla hajasema."

Basi Sultani akaipasua orodha mbele ya watu, na maandishi ya kisima hakizai yakafutwa juu ya mlango wa baraza. Lugome akapewa kiwanja na shamba, Bi Kazija akapewa kazi ya mifuko ya mji mzima, na kisimani zikasimikwa boriti tatu baada ya sheria ya babu kuongezwa mstari mmoja wa kuruhusu kata tatu zishuke pamoja. Faki alipoulizwa atakacho, aliomba kata ya zamani, akapewa. Watu wakadhani ataitundika ukutani kwa fahari. Kumbe aliitaka kwa jambo jingine, na Sultani akalikubali akicheka: kwa muda wa mwaka mmoja Waziri Shali alipata maji yake kwa kata ile tu, kifuu kimoja kwa siku, akijichotea mwenyewe. Kila asubuhi watu walipita na mitungi imejaa, wakamkuta anainama na mpini wake wa pima mbili, wakamsalimu kwa adabu, kisha wakamuuliza, "Bwana Waziri, leo kisima kina kata ngapi?"

Mize alijifungua mtoto wa kike mwezi uliofuata. Askari wa mgao alipokuja kuandika, akauliza nyumba ina midomo mingapi sasa. Mwana Siti, aliyekuwa amemshika mjukuu wake, akaifungua nguo ya mtoto akamwonyesha askari mikono miwili midogo, vidole kumi vimekunjwa, akamwambia, "Andika hivi kwanza, baba."

Mimi nilipita hapo nikanywa, nikaja kuwasimulia. Mwenye kiu na achote, na mwenye kokoto aendelee kuhesabu.